Binti wa Mzee wa Kanisa Ndani ya Chumba cha Fundi Redio

Niliitwa mwizi wa mtoto mchana kweupe, nikiwa nimeshika pasi ya moto.

Mshukuruni Mungu kwa niaba yangu. Sikuitumia.

Mimi ni dobi. Nafua, napiga pasi, nakunja. Jumamosi nikifunga kibanda naenda kanisani kulea vijana. Sijaisomea hiyo kazi. Maisha yamenizaba makofi ya kutosha, nikaona bora niwaonyeshe hawa watoto makofi hutokea upande gani, wajue kukwepa. Wananiita Anti Pasi.

Basi siku hiyo mlango ulisukumwa nusura ung'oke. Akaingia mzee wa kanisa, na nyuma yake mkewe, mkoba kaubana kwapani kama anaogopa nitaufua.

Huyu mzee unamjua hata kama humjui. Akisimama kuomba Jumapili, unaweza kwenda chooni, ukapanga foleni, ukarudi, ukamkuta bado yuko kwa viongozi wa nchi. Wagonjwa hajawafikia.

"Binti yangu yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee."

"Sikuja kusalimiwa! Nimeuliza binti yangu yuko wapi!"

Binti yake tunamwita Kinanda, maana ndiye anayetupigia kinanda kwenye kwaya ya vijana. Mtoto mpole. Hata akikosea noti anaiomba radhi.

"Si yuko nyumbani?" nikasema.

Mama akadakia. "Kila jioni anaaga anakuja kwako, mazoezi ya kwaya."

"Mama, mazoezi ni Jumamosi tu."



Mama akakaa kitako juu ya mashati niliyotoka kuyanyoosha. Sikusema kitu. Moyoni nilisema mengi.

"Basi kuna mwanamume," akanong'ona.

Mzee akaninyooshea kidole. "Ni wewe, mwizi wa mtoto! Tulikukabidhi mtoto mzima, wewe ukamfundisha uongo. Nikimkuta na mwanamume, kesho anahamia kwa shangazi yake. Kwaya basi, kinanda basi. Na hicho kikundi chako nakifunga kwa mkono wangu!"

Hapo damu ilianza kunichemka.

Kile kikundi kina watoto ambao mahali pengine popote wanaitwa "we mjinga". Kwetu wanaitwa kwa majina yao. Ukikifunga, kijiwe cha kona kinawasubiri kwa mikono miwili.

"Mzee, mlinikabidhi lini? Kila nikiita kikao cha wazazi, wewe unatuma udhuru."

"Mimi nina majukumu ya kanisa!"

Jamani. Ana majukumu ya kanisa.

Mama akakumbuka kuwa jirani aliwahi kumwona binti akiingia kwenye vyumba vya kupanga, nyuma ya karakana ya magari. Nikachomoa pasi, nikafunga kibanda, tukaondoka watatu. Njiani mzee akavua saa ya mkononi, akaitia mfukoni. Mwanaume akivua saa, ujue mkutano hautakuwa wa maneno.

Nikawaza, Kinanda mwanangu, kama kuna kijana humo ndani, mpitishe dirishani.

Tukafika. Jua lilikuwa linazama. Nje ya chumba cha mwisho palikuwa na viatu: ndala kubwa za kiume, na pembeni yake viatu vyeusi vya shule.

Mama alivitambua. Akashika ukuta.

Mzee hakubisha hodi. Alipiga mlango bega.

Ndani, meza imejaa redio zilizopasuliwa, nyaya zinaning'inia kama matumbo. Kwenye mkeka wamepiga magoti watu watano wameshikana mikono. Baba, mama, watoto wao wawili wadogo.

Na Kinanda.

Wote wamefumba macho. Mtoto mdogo kabisa ndiye alikuwa akiomba, na mlango haukumbabaisha.

"...na umponye mwalimu wetu jino, maana likimuuma anatuchapa sisi. Amina."

"Amina," wakaitikia.

Akafumbua macho, akamwona mzee kasimama na ngumi. "Shikamoo, babu."

Babu hakuitika. Alikuwa anamtazama baba wa wale watoto.

"Wewe!"

Niwaeleze. Yule fundi redio alikuwa muumini mwenzetu. Alitengwa kwa sababu yeye na mkewe hawajafunga ndoa kanisani. Haruhusiwi kushiriki meza ya Bwana, na wanawe hawajabatizwa. Tangazo la kumtenga lilisomwa mbele ya kanisa zima. Aliyelisoma ni mzee huyu huyu, kwa sauti ile ile ya kuombea viongozi.

"Unafanya nini kwa mtu aliyetengwa?" akamfokea binti.

"Nasali, baba."

"Nyumbani kwetu hatusali?"

Kinanda akamtazama. Hakuwa na kiburi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Lini, baba?"

Mzee akafungua mdomo.

"Si... tunaombea chakula!"

"Unaombea wewe, haraka, kabla hakijapoa. Kisha unawasha televisheni."

Ilibidi nitazame dari. Ningecheka, ningeuawa.

Kinanda akaeleza kwamba waya wa kinanda cha kanisa ulikatika, akauleta kwa fundi. Akawakuta wanasali, wakamsogezea nafasi. Walipozunguka kila mtu akitajwa na shida zake, zamu ikamfikia yeye. Mke wa fundi, asiyemjua hata kidogo, akamuuliza, "Na wewe mwanangu, unaogopa nini?"

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, baba. Kesho yake nikarudi."

"Na uongo wote huo?"

"Ningeaga vipi? Naenda kusali kwa mtu uliyemtenga?"

Mzee akageuka. Mnadhani alimgeukia Mungu? Alinigeukia mimi!

"Haya ndiyo mafundisho yako!"

Nikalipuka. Samahani kwa wenye nyumba, nililipuka.

"Hapana, mzee! Mafundisho yangu ni Jumamosi, na muda mwingi unaishia kuwanyamazisha. Siku nyingine zote ni zako! Mtoto anakusikia ukimwaga Kiswahili cha Jumapili mpaka vioo vinatetemeka, halafu nyumbani wewe ni rimoti na soksi mezani. Akiharibika ni mimi. Akitengenea ni damu yako. Ulizaa au uliagiza?"

"Unajua unaongea na nani?"

"Namjua. Ndiye anayeombea wajane wa dunia nzima na hajui mwanawe analia nini!"

Fundi akainua mkono taratibu. "Anti, tulia. Mzee, karibu ukae. Mama, karibu. Hatujamaliza, bado zamu ya huyu binti."

Mzee akabaki wima.

Kinanda akasema, "Baba, leo niombee wewe."

Nilimwona mzee akipata nguvu. Kuomba? Hapo kaguswa kwenye fani yake. Akakohoa, akafumba macho, akainua mikono.

"Ewe Mwenyezi, uliyeketi juu ya vitu vyote, twawaleta kwako watawala, wajane, yatima, wasafiri wa nchi kavu na wa majini..."

"Baba."

"...na wale walio..."

"Baba. Niombee mimi."

Akafumbua macho. Mikono bado iko juu.

Nawaambieni, nimeona watu wakikwama, lakini vile sijawahi. Midomo ilicheza. Alimtazama mwanawe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, akitafuta hata kitu kimoja anachokijua cha kumwombea.

Mwishowe akauliza, kama karani wa dirishani, "Unataka niombe nini?"

Kinanda akainamisha kichwa. "Kama hujui, basi, baba."

Mzee akatoka. Mlangoni akaniambia, "Tutaonana kwenye baraza la wazee."

Mama hakumfuata. Akavua viatu, akaweka mkoba chini, akapiga magoti pembeni ya binti yake. Halafu akasema, kwa sauti ya kuongea na mtu jikoni:

"Mungu, huyu nimemzaa mimi. Najua namba ya viatu vyake. Simjui mwenyewe. Nianzie wapi?"

Kinanda akamwangukia kifuani. Nilitoka nje nikasimama na ndala.

Sasa mnangoja niseme mzee alitubu? Mnanichekesha.

Baraza la wazee lilikaa. Mimi nimeondolewa kwenye ulezi, kikundi kimefungwa "hadi hapo itakapoamuliwa". Sababu, nainukuu: kushindwa kuwalea watoto wa kanisa kiroho. Kati ya wale waliopiga kura, wenye watoto kikundini hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kikao cha wazazi. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa nani, msiniulize.

Fundi redio bado katengwa.

Nimekasirika? Sana. Naandika haya bado nimekasirika.

Lakini Kinanda hakupelekwa kwa shangazi. Mama alimzibia mumewe mlango, akasema mtoto haendi popote. Siku hizi kila jioni mama na binti wanasali jikoni. Mzee yuko sebuleni na televisheni yake. Hajaingia hata mara moja.

Ila Kinanda kaniambia juzi, baba yake ameanza kuipunguza sauti wakisali.

Mzazi unayesoma hapa, nisikilize. Kanisa litakusaidia kulea imani ya mtoto, halitakulelea. Mtoto hajifunzi kusali kwa kusikia unavyoliombea taifa. Hujifunza akisikia jina lake likitajwa mbele za Mungu na mtu anayejua anachokiogopa.

Jioni hii mwite. Muulize anaogopa nini, kisha mwombee hicho hicho, kwa Kiswahili chako cha kila siku.

Ukikwama katikati, kwama hapo hapo mbele yake. Usikimbilie kwa wajane.