Steringi Aliyekuja na Sura Nyingine

Mpaka leo sijui kama sinema ile ilikuwa mbaya. Watu wote wa Kangeta watakuambia ilikuwa mbaya, tena ovyo kabisa, na mimi nikiulizwa nasema hivyo hivyo ili niachwe. Lakini nikikaa peke yangu nikiifikiria, nashindwa kuikosoa, kwa sababu kile tulichokuwa tukikingojea hakikuwekwa ndani yake na walioitengeneza. Kiliwekwa na ndugu yangu.

Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, alikuwa dijei wa sinema. Si yule wa kupiga muziki. Kwetu dijei wa sinema ni yule anayesimama kando ya televisheni na maikrofoni mkononi, Kizungu kikiwa kimepunguzwa sauti, akiwaeleza watu kinachoendelea. Ukumbi wenyewe ni chumba cha mabati nyuma ya vibanda vya miraa, na blanketi kuukuu limetundikwa mlangoni kuzuia mwanga. Magari ya miraa yakishaondoka mchana, wanaume waliokuwa wakifunga vitita tangu alfajiri hawana kazi tena, mikono bado inanuka majani ya migomba, na hapo ndipo wanapoingia. Kizungu cha sinema ni cha haraka na hutokea puani. Bila dijei ni kelele tu.

Kusema kweli hata yeye hakukisikia chote. Nilimuuliza siku moja anajuaje wanachosema, akaniambia watu wakikasirika wote husema mambo yale yale. Basi alikuwa anajaza. Majambazi wa Marekani aliwahamishia mjini Maua. Polisi wakawa wanatoka Meru mjini na lazima wachelewe. Jitu lenye pembe lilikuwa linapigania mpaka wa shamba na shemeji yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi dada yake, niliyesoma nikapata kazi ya ofisi Embu, niliona aibu, nikamwambia huo ni uongo mtupu. Akacheka, akasema mimi ndiye nisiyejua kuangalia sinema.

Mama hakuwahi kutia mguu mle. Yeye ni mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, na ukumbi ule aliuita shimo la wavivu. Aliingia mara moja tu, wiki ambayo ndugu yangu alikuwa asafiri kwenda Ghuba, kazi ya ulinzi. Alimbembeleza aje amwone akifanya kazi yake kwa mara ya mwisho, na mama akaenda, nami nikaenda naye.

Siku hiyo ilionyeshwa sinema ya kutoka vitabu vya katuni. Steringi, yaani mwenye sinema yake, alikuwa kijana wa joho la kijani anayeweza kupaa. Mama aliuliza mbona amevaa chupi juu ya suruali. Mwishoni mbingu ilipasuka tundu, kijana akaingia mle kuwazuia maadui wasitoke, tundu likajifunga, na sinema ikaisha papo hapo. Watu walianza kuinuka. Mama akabaki amekaa, mkoba magotini, akauliza kwa sauti kama yuko kwenye kikao cha kanisa:

"Na huyu kijana, mama yake anajua ameenda wapi?"

Watu walicheka. Ndugu yangu hakucheka. Alirudisha maikrofoni mdomoni, akasema kwa ile sauti yake ya sinema, "Mama, pati tu anarudi. Anaingia kwa mlango wa jikoni. Hapigi hodi."

Wakapiga makofi mabati yakalia. Na tangu siku hiyo ikawa hivyo. Muulize yeyote Kangeta pati tu, ile sehemu ya pili, itakuwaje, atakuambia steringi anarudi kwa mlango wa jikoni. Walilishika kama jambo lililo ndani ya sinema yenyewe.

Ndugu yangu akaenda. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Halafu Jumapili moja moja. Halafu simu ikawa haipatikani, na wakala aliyempeleka akasema amehamishiwa mji mwingine, na baadaye wakala naye akawa hapatikani. Nimezunguka ofisi nikachoka. Kila dirisha linakuelekeza kwa dirisha jingine, na hakuna aliyeniambia yuko hai wala amekufa. Hasira niliyo nayo sijui niipeleke wapi. Mama hakuzunguka popote. Alimwita fundi akang'oa komeo la mlango wa jikoni, akasema linakwaruza. Halikuwa linakwaruza.

Sasa pati tu ikafika. Mama alinipigia simu Embu, mtu ambaye huwa haombi kitu, akasema nije nimweleze Kizungu, kwa maana hakuna dijei. Mwenye ukumbi alikuwa amewajaribu wengine baada ya ndugu yangu, na watu wakawafukuza wote. Nilikasirika. Nilimwambia, mama, ile ni sinema tu. Akasema anajua ni sinema, na nisisahau sweta kwa sababu kuna baridi.

Nilikuta ukumbi umejaa pomoni. Wanaume walikuwa wametuwekea benchi la mbele, na mmoja akalifuta kwa koti lake kabla mama hajakaa. Mama alikuwa amevaa kile kitambaa cha kanisa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikuwa najua anangojea kuona nini, na nilijua hakitakuja, na sikujua nitafanya nini kisipokuja.

Sinema ikaanza, na steringi akatokea na sura nyingine.

Joho lilikuwa lile lile la kijani, jina lile lile, lakini mtu mwingine kabisa, mwenye kidevu kipana na nywele fupi. Huwa wanafanya hivyo, mwigizaji mmoja akiwashinda wanaleta mwingine, lakini nani alikuwa ametuambia? Ukumbi ukavurugika. Mmoja akasema huyu si yeye. Mwingine akasema ni yeye, amekula vizuri. Mwingine akauliza huyu kidevu ametoa wapi. Walinigeukia mimi msomi, nami nikasema ni mtu yule yule ila ni mtu mwingine, jambo lililowakasirisha zaidi. Mama peke yake hakushangaa. Alisema taratibu kwamba mtu akikaa sana huko nje hubadilika.

Kuanzia hapo hata mimi nilipotea. Kulikuwa na mlango wa moto, ukiupita unaingia dunia nyingine, na huko steringi alikutana na yeye mwenyewe akiwa mzee, na wote wawili wakapigana na yeye mwenyewe wa tatu aliyekuwa mbaya. Nyuma yangu wakauliza anasema nini. Nikasema anasema kuna dunia nyingi. Wakauliza ngapi. Nikasema hajasema. Mzee mmoja akataka kujua hii yetu ni ya ngapi, na aliuliza kwa dhati, si kwa mzaha. Mwenye ukumbi, jasho likimtoka, akanipa maikrofoni ya ndugu yangu niseme kwa sauti.

Nilisema. Nilisema kama mtu anayesoma kumbukumbu za mkutano. Sasa anaingia kwenye jengo. Sasa anaongea na mkubwa wake. Wakaniomba niongeze chumvi kidogo, jamani, mbona kavu hivyo, lakini chumvi hiyo sina. Ndugu yangu ndiye aliyezaliwa nayo. Na kila mlango ulipofunguka kwenye sinema, nilisikia mabenchi nyuma yangu yakilia kwa watu kuinama mbele. Mlango wa lifti. Mlango wa kioo. Mlango wa gereza. Kila mara mama alinigusa mkono, na kila mara nilisema huo si wa jikoni. Manung'uniko yakaanza. Sinema ya aina gani hii, watu wamengoja miaka, na hata nyumbani kwao hajapita. Mmoja aliyekaa karibu na mlango akatoka, akatema karanga, akarudi ili awe na nafasi ya kutoka tena.

Kisha steringi akafa.

Hakuna aliyekuwa tayari. Mle ndani kila mtu anajua steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kuchomwa, kutupwa mtoni, lakini mwisho anaamka. Huyu alianguka, wakamfunika uso kwa joho lake, wakamlilia, wakamzika, wakasimama kando ya kaburi, na mvua ikanyesha. Tulingoja aamke. Hakuamka. Mama akanigusa mkono.

"Amefanya nini?"

Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu, na ukumbi mzima ulisikia nikivuta pumzi na nisiseme kitu. Nilijaribu. Neno lilikuwa hapo mdomoni, neno dogo tu, na sikuweza kulitoa mbele ya kile kitambaa cheupe.

Nyuma kabisa akasimama mwanaume mmoja mnene, ambaye kazi yake ni kuchambua miraa na ambaye mchana kutwa hakuwa amesema chochote. Akasema, "Hii si yenyewe."

Halafu wakaitikia wote kwa pamoja. Hii si yenyewe, hii ni feki, zima. Wakasema imekatwa katwa. Wakasema imeunganishwa na sinema nyingine, ndiyo maana hata sura ya steringi haifanani. Jamaa mmoja akaja mpaka mbele, akachuchumaa karibu na magoti ya mama, akamwambia kwa heshima kwamba binamu yake wa Isiolo ameiona yenyewe, na jikoni iko, na kuna sufuria ya githeri motoni. Namjua jamaa yule tangu shule ya msingi. Hana binamu Isiolo. Mwenye ukumbi aliyekuwa akitukanwa alimtazama mama, akazima televisheni, akasema ni kweli, aliuziwa feki, na akaomba msamaha.

Hapo ndipo kichwa changu kilipokwama, na bado kimekwama. Dakika chache kabla, wanaume wale walikuwa na hasira ya kweli, nilikuwa naisikia mgongoni. Walitaka kurudishiwa mwisho wao. Walivyokuwa wakipiga kelele ya feki, je, ilikuwa ni kwa ajili ya mama, au ni kwa ajili yao wenyewe? Walikuwa wanadanganya au walikuwa wanaamini? Nimewauliza wawili watatu tangu hapo. Wananitazama kama mimi ndiye nisiyeelewa, wanasema lakini ile si ilikuwa feki, dada, hata wewe uliona.

Tulitembea kwenda nyumbani jua bado liko juu. Mama alisimama akanunua nyanya, akabishana na mwuzaji kidogo kama kawaida, tukaendelea. Jikoni aliwasha moto, akaanza kumenya ndizi. Mimi nilivuta kigoda nikakaa pale penye hewa, kwa sababu ya moshi. Nilikuwa nimechoka na watu kumficha mama mambo. Wakala alimficha, ofisi zilimficha, na sasa hata shimo la wavivu. Nikaona heri aambiwe ukweli na mwanawe.

"Mama," nikasema, "ile haikuwa feki. Ndiyo pati tu yenyewe."

Hakuacha kumenya. "Najua," akasema. "Kwani mimi ni kipofu? Nimeona amekufa, nimeona wamemzika."

Nilidhani angelia, na mimi nilikuwa nimejiandaa kulia naye, hata nilikuwa nimeanza. Alizitia ndizi ndani ya sufuria, akafuta mikono kwa leso.

"Lakini si uliuona uso wake? Aliyekufa ni yule mwingine. Wetu hajaonyeshwa bado."

Kisha akanitazama nilipokuwa nimekaa, akanikunjia uso kama alivyokuwa akitukunjia tukiwa watoto, akaniambia nisogeze kigoda, nimeziba mlango.