Mwalimu Aliyenicheka Leo Ameshindwa na Mwanafunzi Wangu

Leo nimelipiza kisasi, na sijutii hata kidogo.

Nikiwa kidato cha pili hapa Thika, mwalimu wa Kiswahili alinisimamisha nisome. Nikasema "rara" badala ya "lala". Akacheka, darasa zima likacheka. Sikusoma kwa sauti tena hadi nikamaliza shule.

Sasa mimi pia ni mwalimu, na leo shule yangu imeshindana kwa mdahalo na ya mwalimu huyo, ambaye siku hizi anafunza Ruiru. Msemaji wangu, Wanjiru, huchanganya r na l kama mimi. Nimemfunza muhula mzima.

Aki amewamaliza!

Mwalimu akanijia, wala hanikumbuki. "Madam, huyu umemfunza aje?"

"Simcheki akikosea. Wewe ulinicheka." Nikamtajia jina langu.

Akaangalia chini. Sikumwondolea hiyo aibu.

Ati nimsamehe? Wacha kwanza nifurahie.