Diski ya Maharusi

Nyamvula wa Mtongwe hakuingia darasani hata siku moja. Karo ya nyumba yao ilitosha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mdogo wake, Babu, kwa kuwa Babu alizaliwa mwanamume. Babu akasomeshwa mpaka akachoka mwenyewe. Nyamvula akaozwa kwa fundi wa kompyuta, akawa ndiye anayefungua mashine, anayesugua bodi kwa mswaki na spiriti kuondoa kutu ya chumvi, anayeshika tochi wakati mume akilehemu na kusifiwa na wateja. Kisha mume akaleta mke mwingine, na Nyamvula akatolewa na talaka yake na mkoba wa nguo.

"Hata bisibisi ni zangu," mume alimwambia mlangoni. "Usije ukazibeba."

Hakuzibeba. Alirudi Likoni kwa mama yake, Bi Mweri. Asubuhi alipika mahamri na mbaazi za kuuza. Mchana aliweka meza barazani akaanza biashara ya pembeni: akanunua mashine zilizokufa kwa wauza vyuma vikuukuu wa Changamwe, akatwaa feni ya hii na bodi ya ile, mpaka katika maiti tatu ikaamka moja.

Wapita njia walimcheka. "Nyamvula, hiyo yako inawaka kwa mkaa au kwa kuni?"

"Kwa domo lako," aliwajibu. "Sogea hapa tuichomeke."

Aliyemfungulia riziki ni Bi Mwanarehema, mpiga picha wa harusi. Mwanamke huyu alikuwa na kazi ya siri. Siku bibi harusi anapopambwa, wanawake wakiwa peke yao ndani, vichwa wazi na mabega wazi, wakicheza chakacha na simu zote zimekusanywa mlangoni, ni yeye tu aliyeruhusiwa kuingia na kamera. Picha hizo hazionwi na jicho la mwanamume. Kompyuta yake ilipougua alikaa nayo ndani kama mwenye mgonjwa asiyepelekwa hospitali, maana mafundi wote aliowajua walikuwa wanaume. Aliposikia kuna fundi mwanamke Mtongwe, alikuja mbio.

"Diski ya humu ina maharusi wa Likoni nzima," alisema. "Nakuachia heshima za watu, dada."

"Zitarudi kama zilivyokuja."

Hazikurudi. Mashine ilipofika nyumbani kwa mwenyewe iliwaka vizuri, lakini ndani ilikuwa tupu. Bi Mwanarehema akarudi nayo, kaikumbatia kifuani, na nyuma yake majirani. Nyamvula akaifungua mbele yao. Diski aliyoikuta ilikuwa kuukuu, ya kutoka kwenye rundo lake mwenyewe. Kuna mkono uliobadilisha.

"Mwizi wewe!" Bi Mwanarehema alipiga kelele. "Na mimi nikasema mwanamke mwenzangu!"

Jambo likafika msikitini. Ikatangazwa kwamba Ijumaa baada ya alasiri itasomwa Halbadiri nyumbani kwa Bi Mwanarehema, imnase aliyechukua, awe nani awe nani. Watu wa pwani hawachezi na kisomo hicho. Kuna waliovimba matumbo, watu walisema, na kuna waliotembea uchi sokoni.

"Isomwe," Nyamvula alisema. "Ubani nitaleta mimi."

Alijua mikono yake ni safi. Zaidi ya hayo alikuwa na mtu wake wa kumshuku: mume wa zamani alionekana akipita pale. Kumfikiria na tumbo kama gunia kulimpa usingizi mtamu.

Ijumaa, mchana, alikuwa na mama yake jikoni. Bi Mweri aligeuza hamri moja mafutani, akaligeuza tena, mpaka likawa jeusi.

"Mwanangu, kamwombe Mwanarehema asisome."

"Kwa nini? Mimi sikuchukua."

"Najua."

"Unajuaje, mama?"

Bi Mweri aliinamia karai. Moshi ukapanda. Nyamvula akalisogeza kando.

"Ni Babu," Nyamvula alisema.

"Alikuwa na shida zake. Alimpa rafiki yake Dancun, huko Bombolulu, yule anayeunda mashine za kuuza. Alidhani ni kichuma tu."

"Alidhani! Na shule yote ile?"

"Funika kombe, mwanangu. Halbadiri itamla. Sina mwanamume mwingine."

"Nimefunika makombe ya nyumba hii tangu sijang'oka meno ya utoto," Nyamvula alisema. "Na yeye yuko wapi sasa?"

"Ameondoka tangu tangazo."

Adhana ya alasiri ikaanza. Nyamvula alijitupia buibui akatoka, na mama yake akamfuata nyuma, akihema. Njia nzima Nyamvula hakujua atakalosema.

Kwa Bi Mwanarehema wasomaji walikuwa wamekaa ukumbini, na wanawake ndani, nyuma ya pazia. Ubani alioutuma Nyamvula asubuhi ulikwisha kuwashwa. Karibu na mlango alikaa Swabra, aliyeolewa juzijuzi, mmoja wa maharusi wa diski ile.

"Mume wangu akiziona picha zangu kwenye simu ya mtu," alimnong'oneza Nyamvula, "mimi nimeachika. Hataniuliza kitu."

Nyamvula alitazama chini. Kuachika alikujua.

Sauti ya Maalim Sharif, kiongozi wa kisomo, ikapenya pazia. "Kabla hatujaanza, mwenye neno alitoe. Kisomo hiki kikishatoka hakiitwi kikarudi."

Bi Mweri akasimama.

"Ni mimi, Maalim. Nilikuwa nafagia baraza, nikaona kichuma, nikakitupa shimo la choo; naye akafunga kingine akidhani ni hicho. Mzee mimi, macho yenyewe haya."

Chumba kizima kilipumua. Mmoja akacheka, mwingine akasema, "Lo, bi mkubwa, umetutoa roho bure!" Bi Mwanarehema alimwangukia Nyamvula shingoni akilia. "Nisamehe, dada. Nimekuchafulia jina. Kama ziko chooni, alhamdulillahi, hakuna atakayeziona."

Yote yakawa yamekwisha. Jina lake lilirudi, safi, na mteja juu yake. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Mama yake alimtazama, na macho yale yalikuwa yanaomba. Yalikuwa pia yanaamrisha, kama yalivyomwamrisha tangu utotoni. Pembeni yake Swabra alikuwa anacheka na kujifuta machozi.

"Keti, mama," Nyamvula alisema.

"Nyamvula!"

"Keti. Haiko chooni. Iko Bombolulu, kwa mwanamume, na aliyeipeleka ni ndugu yangu Babu."

Bi Mweri alikaa. Mikono ya Bi Mwanarehema ikashuka kutoka shingoni.

"Ulijua?"

"Nimejua leo, mahamri yakiungua. Tukichelewa hapa Swabra ndiye atakayeumia. Twende."

Kisomo kikaachwa kwanza, wakavuka feri watatu: yeye, Bi Mwanarehema na Swabra. Walipofika Bombolulu walimkuta Dancun kibandani, kijana wa bara mwenye maneno laini. Babu alimletea diski, ndiyo, alisema. Ameifunga kwenye mashine ile pale, inangoja mnunuzi.

"Sijaiwasha, mamangu. Imelala tangu jana, haki ya Mungu."

Nyamvula aliweka kiganja juu ya kisanduku. Kilikuwa cha moto, kama tumbo la mtoto mwenye homa.

Swabra alikuwa anamtazama mkono. "Dada? Imewashwa?"

Dancun naye alimtazama, na kichwa akakitikisa kidogo, kidogo sana.

"Imewashwa," Nyamvula alisema. "Bado ni ya moto. Kijana, toa simu."

"Simu yangu ya nini tena?"

"Toa, kabla sijaita wanaume wa mtaa niwaeleze ulikuwa unatazama nini."

Aliitoa. Swabra akaipekua, picha moja baada ya nyingine: mpira, mpira, mama yake Dancun kanisani, mpira. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akapekua tena. Kisha akamrudishia.

"Hamna," alisema, na akaketi juu ya tairi kibandani pale.

"Niliona moja tu, nikafunga," Dancun alisema, akitazama viatu vyake.

Nyamvula aliichomoa diski, akaikabidhi. Bi Mwanarehema akaitia ndani ya buibui. Walikuwa wanarudi barabarani alipofungua mdomo.

"Kazi yangu utaifanya wewe. Lakini kwangu, ndani, mlango umefungwa. Kwa mama yako sileti kitu tena."

"Basi nitandikie na mkeka," Nyamvula alisema. "Maana kwa mama yangu mimi pia leo sirudi."