Kitenge Kilichotandikwa Mapema

Enzi zile mtaa wetu wa Kiseke ulikuwa na mawe mengi kuliko nyumba, na sisi watoto tulikuwa na ringi moja tu ya mpira wa kikapu: rimu ya baiskeli iliyong'olewa spoku, ikapigiliwa kwenye mwarobaini nyuma ya choo chetu. Mpira wetu ulikuwa wa mifuko ya plastiki na kamba za katani. Haukudunda hata kwa dawa, kwa hiyo tukaweka sheria: ukikimbia nao lazima udunde kwa mdomo, "du, du, du", na ukinyamaza hata hatua moja, kosa. Tulirudi nyumbani midomo imekauka, tunagombania michembe ya viazi vikavu na karanga, huku mama akiuliza kama tulikuwa tunacheza au tunatwanga mahindi. Watoto wa leo unawanunulia mpira halisi na pampu yake, wiki mbili tu uko chini ya kitanda. Haya, tuyaache.

Aliyetufundisha mchezo huo ni dada yangu Nyamizi, kifungua mimba wa nyumba yetu, nahodha wa timu ya wasichana ya chuo kimoja cha ualimu ng'ambo ya kilima. Alikuwa mrefu hadi wageni walikuwa wakimwamkia yeye shikamoo, wakidhani ndiye mama.

Nyamizi alitaka kitu kimoja tu duniani, kucheza taifa. Na njia ya taifa ilipita kwenye kanda: vyuo vya mikoa ya ziwa vinakusanyika mahali pamoja, vinagawanywa makundi mawili, na kila kundi linatoa timu moja. Wa pili anarudi kwao na hadithi. Mwaka wa kwanza Nyamizi alirudi na hadithi. Mwaka wa pili, hadithi tena. Sasa ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na safari hii kanda ilikuwa inachezwa palepale chuoni kwao, basi mtaa mzima tukahamia huko.

Kundi lao lilikuwa na timu tatu. Wasichana wa Bukoba waliwafunga kina Nyamizi kwa pointi tano. Wasichana wa Musoma wakawafunga hao Bukoba kwa pointi tatu. Ikabaki mechi moja, sisi na Musoma. Asubuhi ya mechi Nyamizi alichukua kijiti, akachora hesabu chini mbele ya mlango wa jikoni. Alinieleza mimi kwa sababu nilikuwa darasa la tano na nilijua kutikisa kichwa. Tukishinda, kila timu itakuwa imeshinda mara moja, kwa hiyo itaangaliwa nani ana tofauti kubwa ya pointi alizofunga na alizofungwa. Akapiga mstari chini ya jibu: nane. Tukishinda kwa pungufu ya nane, Bukoba ndio wanakwenda.

Mama akapita na sufuria ya uji, akaikanyaga hesabu yote bila kuiona. Kwa mama ushindi ulikuwa ushindi, haukuwa na masharti.

Jamani, mechi ile! Uwanja wa saruji iliyopasuka, jua la saa tisa, sisi watoto tumejazana juu ya jabali kama pimbi. Wasichana wa Bukoba walikuwa wamemaliza mechi zao, lakini kila tulipotangulia waliwashangilia Musoma kuliko Musoma walivyojishangilia. Hadi mapumziko tulikuwa sare. Robo ya mwisho tukatangulia kwa tatu, kwa tano, kwa sita. Zilipobaki sekunde kumi hivi mpira ukatoka nje, refa akapuliza filimbi.

Mama na wenzake wa kwaya wakasikia filimbi, wakajua yamekwisha. Vigelegele! Kwetu mtu anayeleta heshima hakanyagi vumbi, anatandikiwa vitenge apite. Mama akawa wa kwanza kuingia uwanjani, akavua kitenge chake kipya cha bluu alichojifunga juu ya gauni, akakitandika chini ya ringi. Wenzake wakafuata. Kufumba na kufumbua saruji haionekani, refa anapuliza filimbi hadi mashavu yanataka kupasuka, na kila akipuliza wanazidi kuimba.

Nikaona aibu. Mimi jibu nilikuwa nalo tangu asubuhi, na sikumwambia mama, kwa raha tu ya kujua jambo asilolijua mkubwa.

Nyamizi akatembea hadi ukingoni mwa kile kitenge. Hakukikanyaga. Akainama.

"Mama, zimebaki pointi mbili."

Mama akamtazama, akatazama ubao wa chaki wa pointi, akaokota kitenge chake na kukikung'uta. "Basi kazilete," akasema.

Uwanja ukaondolewa vitenge. Mpira ukarushwa kwa Nyamizi, akaenda nao moja kwa moja, akafanyiwa faulo, akapewa mitupo miwili. Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukagonga ringi, ukazunguka, ukafikiria, ukaingia. Nane! Musoma wakarusha kutoka mbali, mpira ukagonga ubao wa ringi na kutoka, filimbi ikalia. Hakuna mwanamke aliyesogea. Mama akanipazia sauti kule juu ya jabali, "Zimebaki ngapi?" Nikapiga kelele hadi sauti ikakatika kwamba hazijabaki. Ndipo Nyamizi akatandikiwa, akapita na raba zake za vumbi, analia na kucheka.

Siku hizi hesabu zinakuja kwenye simu zimeshapigwa. Vijana wanaandika "tumefuzu" kabla jasho halijakauka, na wengine uwanjani kwenyewe hawakufika. Mwezi uliopita Minza, binti wa Nyamizi, naye alicheza kanda na timu ya chuo chake. Mama tulimpeleka, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, kitenge kilekile mapajani, bluu yake imepauka. Filimbi ya mwisho ikalia, simu zikanyanyuliwa juu. Mama akanigeukia.

"Zimebaki ngapi?"

"Hazijabaki, mama."

Mgongo wake haumruhusu tena kuinama, kwa hiyo mimi na Nyamizi ndio tuliotandika. Minza akaja mbio, akakiona, akakizunguka. Alisema anaogopa kuchafua kitenge cha bibi.

"Kanyaga, mjukuu wangu," mama akamwambia. "Mama yako alikikanyaga kikiwa kipya."