Mama Amekataa

Watu huniuliza nilipataje wateja mtandaoni nikiwa huku Shinyalu, na mimi huwapa jibu lile lile: kuwa wewe mwenyewe. Nikishalisema huona aibu, maana kuwa mimi mwenyewe kumenichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Mimi ni mfasiri. Natafsiri karatasi za maelezo ya dawa, programu za simu na barua za mashirika, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mwaka wa kwanza nilijitangaza kwa uongo mtupu. Nilipiga picha studio mjini Kakamega nikiwa nimeazima koti la binamu yangu, nyuma yangu kitambaa chenye picha ya rafu za vitabu, na chini yake nikaandika kwamba sisi ni timu ya wataalamu. Timu yenyewe ilikuwa mimi na kuku wa mama waliokuwa wakikimbilia ndani mvua ikianza. Mteja mmoja tu ndiye aliyejitokeza, akaomba kuzungumza na meneja. Nikamjibu kwamba meneja yuko safarini. Hakuandika tena, na sikumlaumu.

Alasiri moja mvua ya kwetu ikashuka, umeme ukapotea, na mimi nikakosa hata nguvu ya kudanganya. Nikaandika kwenye ukurasa wangu mambo yalivyo. Kwamba niko peke yangu. Kwamba nafanyia kazi kwenye meza ya jikoni, na upande wa pili wa meza hukaa mama, ambaye aliishia darasa la nne na Kiswahili chake alikiokota sokoni akiuza maharagwe. Kila sentensi ninayotafsiri humsomea yeye akiwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Mikono ikiendelea, sentensi imepita. Mikono ikisimama, sentensi imekataliwa, hata kama ningeweza kuitetea mbele ya maprofesa. Nikatoa mfano wa siku ile. Nilikuwa nimemsomea, "Dalili zikiendelea, wasiliana na mtoa huduma za afya aliye karibu nawe." Mikono ikasimama.

"Huyo mtoa huduma ndiye nani? Ni daktari ama ni huyu wa kuleta maji na punda? Sema mtu aende hosipitali. Mgonjwa hana saa ya kufikiria."

Nikabandika picha ya mikono yake juu ya ungo, simu ikazima.

Umeme uliporudi nilikuta ujumbe mwingi kuliko nilioupata mwaka mzima. Shirika moja la nje linalochapisha maelezo ya dawa kwa akina mama vijijini likaniandikia, na mpaka leo ndilo mteja wangu mkubwa. Wengine wakafuata. Wote walisema walinichagua kwa sababu ya yule mama. Basi nikaanza kubandika kisa kimoja kila Jumanne, nikakiita Mama Amekataa. Mama mwenyewe nilipomwambia alicheka mpaka akafuta machozi. Akaniuliza kama hao wazungu hawana mama zao wa kuulizanga.

Nilifurahi, sitakana. Lakini Jumanne haijui kama umelala vibaya. Kuna wiki mama hakukataa kitu, na watu wanauliza mbona kimya. Nikawa namsomea huku namwangalia kwa jicho la njaa, nikiomba mikono isimame. Mtu anakaa na mama yake mezani akimsubiri aseme kitu cha kuuzika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Halafu akaanza kusahau. Kwanza ilikuwa sufuria jikoni, kisha njia ya kwa jirani, kisha majina yetu. Mikono yake iliendelea kuzunguka kwenye ungo, hata ukiwa mtupu, na kila nilichosoma alisema, "Iko sawa." Nikajiambia kwamba labda mimi nimekuwa mfasiri hodari. Na kwa kuwa Jumanne ilikuwa inafika tu, nikaanza kumtungia. Nilimwandikia maneno ambayo angeyasema, kwa sauti yake, kwa ukali wake. Linaloniuma zaidi ni kwamba watu walivicheka visa vya kutunga kuliko vilivyokuwa vyake. Mmoja aliandika kwamba mama huyu hazeeki.

Miezi ikapita hivyo. Kisha lile shirika likaniletea karatasi ya dawa ya watoto wachanga, kipimo cha matone, na ombi juu yake. Walitaka kuchapa kwenye ukurasa wa mwisho ile picha ya mikono, na chini yake maneno kwamba kila sentensi imepitishwa na mama wa Shinyalu. Karatasi hiyo ingefika kwa wanawake wenye watoto mikononi, ambao wangeiamini kwa sababu yake.

Asubuhi hiyo nilifanya jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa. Nilikaa mezani, nikamsomea mama polepole sentensi niliyoiharibu makusudi, "Mpe mtoto chupa yote kwa mara moja."

"Iko sawa," akasema.

Nikarudia. Mwanamke huyu alilea watoto sita, na wa majirani pia. Homa ya mtoto aliijua kwa kugusa shingo tu. Mikono ilikuwa inazunguka, taratibu, bila haraka yoyote.

"Iko sawa kabisa."

Nilitoka nje nikasimama katikati ya shamba la majani chai. Niliogopa kwa ajili ya wale watoto, na nilimlilia mama yangu, ambaye nilikuwa nimemfanyisha kazi hata baada ya yeye kuondoka.

Nikaliandikia shirika kila kitu. Niliwaambia watafute wanawake wengine wa kusikiliza karatasi zile, pamoja na zote nilizotuma tangu mama aanze kusahau, na kwamba wakiniacha nitaelewa. Baada ya hapo nikaandika taarifa ya ukurasa wangu. Ilikuwa fupi. Nilieleza kwamba mama hakatai tena, kwamba visa vya miezi ya karibuni nilivitunga mimi, na kwamba hakutakuwa na Jumanne nyingine.

Kabla ya kuituma nilimsomea, kwa mazoea tu. Alisikiliza yote, kichwa amekiinamisha, kama mtu aliyekuja kuhani msiba. Nilipomaliza akaniangalia kwa huruma ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa muda mrefu. Akaniita madam, kama alivyokuwa akiwaita walimu wetu wa shule.

"Pole sana, madam," akasema. "Na sasa utakuwa unaulizanga nani?"