Gnuplot ilivyonionyesha shamba la Papa Kalenga liko sawa kama meza, wiki tatu kabla ya mvua

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi.

Ninayoandika yalinikuta mimi mwenyewe, na mashahidi wengine bado wako hai. Kwenye mambo ya msingi siongezi kitu. Kwenye mapambo mnivumilie, mimi nikisimulia hata jua huwa linazidi ukali.

Ilikuwa miaka ile mambo yamevunjika. Kampuni ya mine, yaani ya migodi, iliyokuwa inalisha nusu ya mji ilikuwa chini, mishahara hakuna, na vita vya kaskazini vilikuwa vinasukuma watu kuja kwetu. Huku commune Annexe, pembezoni mwa mji, ukitupa jiwe lazima lidondoke juu ya turubai la mtu.

Familia ishirini na saba zikapewa kipande cha shamba la Papa Kalenga, mzee wa palepale, hata babu yake amezikwa hapo. Alitoa upande wa chini. Upande wa juu ulikuwa na mihogo yake, na mihogo hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha nyumba nzima.

Mvua zilikuwa zimebakiza kama wiki tatu. Swali lilikuwa moja tu: upande wa chini utashika maji, au hautashika? Ukishika, watu wale watalala ndani ya ziwa.

Mimi ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya jioni, diploma wino haujakauka, najiona injinia wa Afrika nzima. Nikaiambia kamati ya parokia, iliyokuwa inawapanga wale watu: tupime, nitawachorea shamba zima kwa 3D.

Tulipima kwa mpira mwembamba wenye maji, ule wa waashi, ambao maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja. Kila mita kumi pointi moja, mstari baada ya mstari. Papa Kalenga mwenyewe alishika ncha moja. Jua la mwezi wa kumi lilikuwa linakaanga yai juu ya kichwa bila mafuta.

Namba alizipiga Mama Odette, sekretari wa zamani wa ile kampuni, kwenye kompyuta ya parokia. Safu tatu: x, y, na kimo cha udongo.

Kamati ikakusanyika. Nikafungua Gnuplot, programu ya kuchora grafu, nikaandika kwa mbwembwe:

splot 'shamba.dat' with lines

Picha ikatoka sawa kama meza. Hakuna bonde, hakuna hata kichuguu.

Papa Kalenga akapiga makofi. "Munaona? Nilisema! Haiko na shimo!"

Mwenyekiti wa kamati akatoa kalamu ili asaini watu wajenge.

Lakini wakuu, mimi ndiye niliyebeba ule mpira. Kwenye mihogo maji ya mpira yalisimama usawa wa magoti yangu, katikati ya upande wa chini yakanifika kifuani, yaani ardhi imeshuka. Meza gani hiyo?

Nikaomba dakika tano. Ndipo nikasoma maneno ambayo programu ilikuwa imeyatoa na mimi nikayapuuza:

empty z range [0:0], adjusting to [-1:1]

Yaani vimo vyote inaviona sifuri. Nikafungua faili. 0,12. 0,87. 0,45.

Virgule, yaani mkato! Sisi tuliosoma kwa Kifaransa ndivyo tunavyoandika desimali tangu darasani. Gnuplot inataka nukta. Ilikuwa inasoma 0, inakuta virgule, inaishia hapo. Na kwa kuwa shamba zima halikupishana hata mita moja, kila kitu kikawa 0.

Nikabadilisha virgule zote kuwa nukta. Nikachora upya.

Sasa ikatoka kamba moja ndefu inayokwenda na kurudi kama kikapu kilichosukwa na mlevi.

"Injinia," Papa Kalenga akasema, "shamba yangu imekuwa nywele?"

Walicheka mpaka nadhani hata mji wa jirani, Kipushi, walisikia.

Nikarudi kwenye faili. Mistari yote imebanana.

"Mama Odette, si niliomba kila mstari wa shamba ukiisha uache nafasi tupu?"

"Na miye nilizifunga. Kule bureau ya kampuni karatasi ilikosekana, tuliandika mpaka pembeni kabisa. Kuacha mustari bure, chef wa kazi analalamika mpaka jioni! Na weye wa juzi tu utanifundisha kupiga mashini?"

"Mama, hii haili karatasi. Nafasi tupu ndiyo inaiambia mstari umeisha, anza mwingine, uunganishe na ule wa kwanza. Bila hiyo inadhani ni mstari mmoja tu."

Akavaa miwani, akanisukuma nimpishe kiti, akarudisha nafasi moja moja mwenyewe.

Nikaongeza set hidden3d ili mistari ya nyuma ijifiche, nikachora mara ya tatu.

Bakuli, wakuu. Bakuli kamili, na kipande cha familia ishirini na saba katikati yake.

Hakuna aliyecheka. Papa Kalenga akasogea. "Zungusha." Nikazungusha kwa mouse. "Zungusha tena. Mihogo yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye ukingo wa juu.

"Nilijua panalowa," akasema. "Sikujua ni hivi." Kisha akamgeukia mwenyekiti: "Munipe siku ine. Na bale bantu bakuye tung'oe mihogo pamoja, bajenge kule yulu."

Wakang'oa kwa siku nne, yeye na zile familia, na nyumba zikajengwa juu. Mihogo mingine ilikuwa bado midogo kama vidole, na mwaka ule nyumba ya Papa Kalenga ilikula kwa kupima. Hiyo sehemu siongezi chumvi.

Mvua ilipokuja, upande wa chini ulijaa kiasi kwamba samaki wa mtoni kule Kasenga wangehamia. Kule juu yalilowa maturubai tu, basi. Hakuna nyumba iliyoondoka na maji.

Nilichojifunza: picha nzuri si ushahidi. Soma onyo, kisha fungua faili kwa macho yako. Na ukimwomba mtu jambo, mwambie sababu. Mama Odette hakukosea, mimi sikumweleza.

Nasikia kuna set decimalsign ya kuisomesha virgule bila kugusa faili, aliyeijaribu atuambie. Na kama surface yako ya 3D imetoka sawa kama meza, bandika hapa chini mistari kumi ya faili lako kabla hujaita kamati.