Tanga la Hodan

Siku yangu ya kwanza katika chuo kimoja cha ufundi hapa Garissa, Mkuu wa Idara alinikabidhi ufunguo wa maabara pamoja na onyo.

"Maalim, wafundishe kutengeneza kinachoruka. Kukishusha ni shida ya Wazungu."

Nilikuwa nimetoka Lafey, nilikotunza milingoti ya redio kwa miaka mingi, na maneno yale yalinikera. Nikayapinga katika somo langu la kwanza kabisa. Setilaiti, yaani chombo kinachoizunguka dunia kikituma picha na mawasiliano, ikifa haiondoki njiani. Inaendelea kuzunguka kwa kasi kubwa kuliko ya risasi, na ikigongana na nyingine huacha vipande visivyohesabika.

"Ukiacha mzoga kisimani," niliwauliza wanafunzi, "anayekuja nyuma yako anywe nini?"

Aliyelibeba swali hilo ni Hodan, msichana aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Ifo na kupata ufadhili wa kusoma kwetu. Alibuni tanga la karatasi nyembamba ya kung'aa, lililokunjwa ndani ya setilaiti ndogo. Kazi ya chombo ikiisha, waya hupata moto na kukata uzi, tanga hufunguka, na hewa hafifu ya huko juu hukivuta chombo chini hadi kiungue. Namna ya kulikunja aliitoa kwenye maturubai ya kwao.

Tukaitwa Nairobi kushindana na vyuo vingine. Wiki moja kabla ya safari, Mkuu wa Idara alilikata jina la Hodan kwenye orodha.

"Ni mkimbizi. Kibali chake cha kusafiri kitatuchelewesha. Weka mwingine."

"Huyo mwingine hajui tanga linafungukaje."

"Atasoma karatasi."

Nilikwenda ofisi ya vibali mara tatu. Mara zote niliambiwa nirudi kesho, mpaka siku ya safari ikafika. Hodan alitufungia sanduku la setilaiti kwa mikono yake, akaniambia, "Maalim, msiliweke juani," akarudi bwenini.

Nairobi, mwamuzi aliuliza, "Uzi usipokatika?" Kijana aliyewekwa mahali pa Hodan akaigeuza karatasi yake mbele na nyuma. Nikasimama.

"Mwenye jibu ameachwa Garissa," nikasema. "Mruhusuni nimpigie simu."

Wakaruhusu. Sauti ya Hodan ikajaa ukumbini. "Kuna waya wa pili, na betri yake peke yake. Wa kwanza ulinikatalia mara kumi na moja, ndiyo maana nikauongeza."

Tulishinda. Kampuni iliyodhamini shindano ikawachukua wanafunzi wanne kwa mafunzo ya uhandisi wa anga, wote wenye vitambulisho vya taifa. Nilipoingia ofisini kwa Mkuu wa Idara na barua ya kampuni yenye majina yale manne mkononi, hakuinua uso.

"Tumeshinda, Maalim. Unataka nini tena?"

Nilimwambia ninachotaka, jina la Hodan liingizwe kwenye barua ile, kwa sauti iliyosikika hadi uwanjani. Hakuna kilichobadilika, ila tangu siku hiyo hakunisalimia tena.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Galbet. Mnaosoma haya mkiota uhandisi wa anga, mtaambiwa nchi yetu haina wataalamu. Msikubali. Hodan yuko Ifo, anafundisha fizikia kwa kujitolea, darasa la watoto tisini. Mimi nimeshamaliza kazi. Yeye hajaajiriwa hata siku moja.